Mtu Mwenye Gunia la Vitunguu

Nyumba yangu ipo Mchafukoge, kwenye uchochoro ambao ukiufuata unakutupa Kariakoo. Ni nyumba ya zamani ya chini, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, nyuma uani. Pande zote ghorofa zimeota, na siku hizi jua linaingia uani kwangu mchana tu, kidogo, halafu linapita. Wapangaji niliokaa nao ni wengi. Majina yao ninayo yote, na ya watoto wao, na ya waume waliokuja na waliokimbia. Shule sikwenda sana, lakini jina likiniingia halitoki. Humu sitaandika hata moja. Aliye hai nataka aendelee kuwa hai.

Jumapili baada ya sala ya alasiri, uani panakuwa pa wapiga picha. Mjukuu wangu ndiye aliyewaleta. Yeye anauza vitenge dukani siku za kazi, na akitoka anazunguka mitaani na kamera yake aliyoinunua mitumba. Nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Aliponiomba, Bibi, wenzangu waje wakae uani, nikasema waje, mradi viatu mlangoni.

Wanakuja watatu, na yeye wa nne. Wa kwanza tunamwita Fundi, mwenye studio ya picha za pasipoti, mtu mzima, mpole, sauti yake ya kubembeleza. Wa pili ni dereva wa bajaji, mdomo mrefu, akiingia tu nyumba nzima inajua. Wa tatu ni dada mmoja wa Upanga, Mhindi, familia yao ipo hapa mjini tangu mababu. Anaongea pole pole, na kila akija ananiletea ubuyu, maana anajua siuachi.

Wana utaratibu wao. Picha zimeoshwa kwenye karatasi, zinatandazwa juu ya mkeka. Inachukuliwa moja, inawekwa katikati. Kila mtu anasema kwanza kizuri alichokiona, halafu dosari, halafu dawa ya ile dosari. Kutukana marufuku, na kusifu bila sababu nako marufuku. Na mwenye picha hasemi. Anakaa, anafunga mdomo, mpaka wote wamalize, na hata akija kusema haruhusiwi kuhadithia alivyoipiga. Fundi alinieleza siku ya kwanza, nilipowacheka.

"Bibi, picha ikienda gazetini au ukutani, wewe huendi nayo ukasimama pembeni kuieleza. Lazima ijisemee yenyewe."

"Na ikisema uongo?" nikamuuliza.

"Basi na sisi tutauona uongo wake," akasema, wakacheka.

Picha inayoshinda siku hiyo, Fundi anaiweka kwenye ukurasa wao, huko kwenye simu, na chini anaandika mtaa ilipopigwa na saa. Anasema mpiga picha wa mitaani asipotaja mtaa wake anakuwa kama muuza samaki asiyesema kavua lini. Mimi simu yangu ni ya vibonyezo, huo ukurasa nilikuwa nausikia tu.

Jumapili ninayotaka kuieleza, niko jikoni na birika, nikamsikia dereva wa bajaji anasema, "Ebwana eeh!" Si kwa utani. Nikatoka na vikombe. Katikati ya mkeka kulikuwa na picha ya mjukuu wangu.

Mtaa wa vitunguu vya jumla, asubuhi. Mikokoteni, maturubai, na katikati mwanamume amejitwika gunia begani, gunia lililojazwa mpaka likafungwa kichwa cha pili juu. Shingo imepinda kwa uzito, lakini macho ameyanyanyua, yanatazama kamera moja kwa moja. Ukiisogelea ile picha unaona kama kosa ni lako.

Nikaweka vikombe chini. Nilimjua.

"Kizuri ni macho," dada wa Upanga akaanza. "Watu wote pale wanatazama kazi zao. Yeye peke yake ametuona. Dosari, umesimama mbali. Hili turubai la kushoto linanivuta bure. Dawa, sogea. Hatua chache tu mbele, turubai linatoka lenyewe."

Dereva wa bajaji akasema, "Mimi nakubali macho. Huyu jamaa ananitazama kama abiria niliyempitiliza kwao. Dosari sina. Haya, ninayo: mkono wake umekatwa hapa chini. Mpe mtu mkono wake, bwana."

Fundi akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga uliobaki. "Umempata mtu wako," akamwambia mjukuu wangu. "Wapiga picha wengine wanatafuta miaka. Usimwache. Rudi kesho, rudi keshokutwa, msogelee mpaka uso ujae. Na akikutazama usishushe kamera. Wengi wenu mnashusha kwa aibu, picha inapotea hapo hapo."

Mjukuu wangu alikuwa anauma mdomo wa chini. Nikafikiri ni furaha. Ikashinda ile picha, Fundi akaibandika kwenye ukurasa, mtaa na saa.

Wageni walipoondoka tukabaki tunaosha vikombe. Nikamwambia, "Yule mtu alikuwa anasema nini?"

"Alinyamaza, Bibi. Gunia zito."

"Baada ya gunia."

Akasugua kikombe ambacho kilishatakata. "Aliliweka chini akanifuata. Akasema, 'Dada, futa. Nakuomba, futa sura yangu.' Nikamwambia sawa."

"Ukafuta?"

"Nilibonyeza kitu kingine ili aone nimebonyeza." Akanitazama. "Bibi, ni picha yangu nzuri kuliko zote. Ulimsikia Fundi."

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikamweleza. Mama wa yule mtu alipanga kwangu chumba cha mwisho kule uani, akiwa na mimba yake. Alikuwa mtu wa Lindi. Alijifungulia kwenye chumba hicho hicho, mimi nimemshika mkono, kitovu nimekata mimi, na mtoto alipoanza kutembea wakarudi kwao. Akakua, akawa dereva wa lori la korosho. Mtoto wa watu akakimbia barabarani, akamgonga, akafa. Mahakama ilimaliza yake. Wajomba wa mtoto hawakumaliza. Walimwambia mbele ya watu kwamba popote watakapomwona ndipo patakuwa mwisho wake, na ni watu wa kusema kitu wakakifanya, nyumba ya mama yake walishaichoma. Ndipo akakimbilia Kariakoo, kwenye watu wengi, kubeba mizigo. Alikuja kunisalimia siku moja mjukuu wangu yuko dukani. Alikunywa chai amekaa anatazama mlango. Aliniomba nisimtaje kwa mtu, na sikumtaja.

Mjukuu wangu akaweka kikombe chini. "Mungu wangu. Na imeshawekwa."

"Itolewe."

"Ukurasa anaushika Fundi."

"Mwambie Fundi."

"Nitamwambia nini, Bibi? Kwamba niliombwa nifute nikadanganya?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akaahidi. Jumatatu akasema studio ilifungwa mapema. Jumanne akasema alikuta foleni ya wanafunzi wanataka picha za fomu, asingeweza kusema mbele zao. Mimi wiki ile goti lilikuwa limevimba, hata chooni nilikuwa nashika ukuta. Namba ya Fundi sina, na mtu wa kumtuma sikumpata, maana kumtuma mtu ni kumwambia. Ijumaa nikamfokea. Akalia, akasema Jumamosi asubuhi ataanza kwa mwenyewe, amtafute mtaani amwombe radhi, amwambie ahame kona ile, halafu ndiyo aende kwa Fundi.

Jumamosi akarudi. Nikamuuliza umemwambia? Akasema, "Nimemwona, Bibi." Akapita chumbani. Sikuipenda hiyo sauti.

Jumapili wakaja. Kulikuwa na wingu zito, uani pakawa na giza kabla ya wakati, ikabidi niwashe taa. Zamu ya mjukuu wangu ilipofika akatoa picha moja, akaiweka katikati ya mkeka, akarudi nyuma kabisa, mgongo ukagusa ukuta.

Ni yeye tena. Safari hii hana gunia. Uso umejaa karatasi, jasho, mkono mmoja umenyanyuliwa mbele kama anazuia kitu, na mdomo uko wazi. Anasema neno. Nyuma yake mtaa wote umekuwa ukungu.

Baadaye mjukuu wangu aliniambia ilivyokuwa. Alikwenda kweli kumwomba radhi. Lakini yule mtu alipomwona na kamera akaja mbio kuelekea kwake, na mkono wake, anasema, ulinyanyuka wenyewe. Usishushe kamera. Ulikuwa umeshafundishwa. Yule mtu akageuka akaondoka bila kuambiwa lolote.

"Umesogea!" dereva wa bajaji akapiga makofi. "Huu ndio ukaribu sasa. Kizuri, huo mdomo. Yaani namsikia. Anadai nauli huyu!"

"Mimi naona anaita mtu aliye nyuma yetu," dada wa Upanga akasema. Alikuwa ameinama sana juu ya picha. "Kizuri ni mkono. Unaingia kwetu. Dosari... sijui niseme dosari. Picha inanikosesha raha, sijui kama hiyo ni dosari au ndiyo ubora wake."

"Ubora," Fundi akasema. "Mtaa haupo kutupa raha. Dosari ninayoiona mimi ni kivuli cha huo mkono, kimekula jicho la kulia. Dawa: ungesubiri kidogo, mkono ushuke, jicho lipate mwanga. Mdomo ungekuwa bado upo wazi."

Bado upo wazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika na nikasikia maneno hayo, na yule mtu pale chini kwenye mkeka anaomba, na watu wazuri, watu ninaowapikia, wamemzunguka wanapima mwanga. Nikamtazama mjukuu wangu. Machozi yanatiririka na mdomo umefungwa. Zamu yake haijafika.

"Muulizeni anasema nini," nikasema.

Fundi akageuka kwa heshima zake. "Bibi, utanisamehe, lakini utaratibu wetu, mwenye picha..."

"Utaratibu wenu naujua, nimeusikiliza tangu mlipouanza. Simuulizi mwenye picha. Huyo hapo chini anasema 'futa'. Alisema wiki iliyopita na amerudia tena. Kuna watu wakimwona watamuua."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye mabati, matone makubwa, moja moja. Hakuna aliyenyanyuka kuokoa picha zilizokuwa pembeni. Mjukuu wangu akasema yote, kwa haraka, pamoja na ule uongo wa kubonyeza. Fundi akawa anasikiliza anatazama mikono yake.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza, taratibu.

"Mlisema picha isihadithiwe."

Hakuwa anamjibu kwa ujeuri. Alikuwa anamweleza tu ilivyokuwa.

Fundi akatoa simu kuiondoa ile picha ya kwanza. Dereva wa bajaji naye akawa ameshafungua ukurasa kwenye simu yake. "Subiri," akasema. "Usifute kwanza. Fundi, huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu aliyeandika hapa chini. 'Picha nzuri sana kaka. Hapo ni kona ipi, na huyo bwana bado yupo hapo?'" Akasogeza kidole. "Na wewe umemjibu."

Fundi anajibu kila anayeuliza. Ndio ustaarabu wake, hata mtoto akiuliza kamera ni ya aina gani anamjibu kwa marefu. Na alikuwa amemjibu huyu vizuri kabisa: kona ipi, mkabala na duka lipi, na kwamba bwana huyo yupo kila asubuhi, karibu sana.

"Ameandika lini?" dada wa Upanga akauliza.

"Jumatano."

Fundi akafuta picha. Halafu akafuta na majibu. Halafu akaendelea kubonyeza ile simu ingawa hakikubaki kitu cha kubonyeza.

"Tulisema picha inajisemea yenyewe," dada wa Upanga akasema. "Kumbe sisi ndio tulioisemea."

Wakaondoka na mvua ile ile, chai haikunywewa.

Asubuhi, adhana ya alfajiri imekwisha, dereva wa bajaji akaja kutuchukua mlangoni, mimi na mjukuu wangu. Hakutania hata mara moja njia nzima. Mtaa wa vitunguu ulikuwa na tope la mvua na maganda, malori yanashusha, makuli wanapokezana magunia. Nikashuka, nikamshika mjukuu wangu bega, tukaenda mpaka kwenye ile kona. Mkokoteni wake, mjukuu wangu akanionyesha, ulikuwepo, umefungwa mnyororo kwenye nguzo. Mwenyewe hayupo.

Nikamwuliza muuza kahawa, mzee wa makamo, kama amemwona.

"Leo bado, mama. Na ajabu, huyu huwa wa kwanza." Akamimina kikombe. "Jana pia walikuja watu wanamuulizia."

"Akina nani?"

"Ndugu zake wawili kutoka nyumbani. Watu wa adabu. Wana picha yake kwenye simu."

"Yeye walimkuta?"

"Alikuwa ameingia ndani kupeleka mzigo. Aliporudi nikamwambia, una wageni. Aliuweka mkokoteni, akaufunga, akaondoka. Hata hela ya kahawa kaniachia zaidi." Akacheka. "Nafikiri alikwenda kuwafuata."

Mjukuu wangu akaniminya mkono.

Tulikuwa tumesimama hapo hapo walipokuja. Sikuhitaji kuonyeshwa. Wanaume wawili, mashati safi, yamepigwa pasi, mmoja ana simu ameishika mbele ya kifua. Anatazama simu, anatazama ghorofa. Anatazama simu, anatazama turubai. Akasogea kushoto kidogo, akarudi nyuma, mpaka akasimama pale pale aliposimama mjukuu wangu siku ile ya kwanza.

"Ni hapa," akamwambia mwenzake.

Kisha wakatuona. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Tunamtafuta ndugu yetu, mama. Huyu." Akanielekezea simu. Gunia, shingo, macho. Fundi alikuwa ameifuta kwake, kwao ipo. "Unamfahamu?"

Nilimtazama mtoto niliyemkata kitovu. "Wanaobeba mizigo hapa ni wengi," nikasema. "Simfahamu."

"Na wewe dada?"

Mjukuu wangu akatikisa kichwa. Kamera hakuja nayo.

"Basi tutamsubiri," yule mkubwa akasema. "Mkokoteni si upo?" Wakaagiza kahawa, wakakaa kwenye benchi wakiutazama ule mkokoteni, magoti pamoja, kama watu waliokuja kuposa. Ukipita usingewadhania lolote. Tukaondoka pole pole, na dereva wa bajaji akatuzungusha mpaka Upanga na kurudi kabla ya kutufikisha nyumbani, akitazama kioo.

Walikaa asubuhi tatu, muuza kahawa aliniambia. Siku ya nne hawakuonekana. Nikamuuliza kwa nini wameacha, amepatikana? Akasema hajui, mtu akiacha kuja hasemi sababu. Mwenye mkokoteni hakurudi pia. Mnyororo ukakatwa, mkokoteni akauchukua kuli mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wakati wamekaa pale benchi nilikuwa najua angalau kwamba hawajampata. Walipoondoka sikujua kitu. Nilikuwa nikisikia kuna maiti ya mwanamume imeokotwa mahali, naulizia mavazi, naulizia urefu. Nilimtuma dereva wa bajaji hospitali, chumba cha maiti, kwa wasio na majina. Alikwenda, na aliporudi alisema tu, "Hayupo, Bibi," akakaa kizingitini muda mrefu.

Mkeka walirudi kuukalia, baada ya Jumapili kadhaa. Mtaa hauandikwi tena, wala saa. Mwenye picha sasa ndiye anayeanza kusema, na anaulizwa jambo moja kabla ya kizuri na dosari: huyu mtu ulimwachaje? Mjukuu wangu alikaa muda bila kupiga. Ameanza tena, mikono ya watu, mizigo, migongo. Dada wa Upanga alimwambia siku moja, "Dosari yako siku hizi ni kwamba umeogopa uso." Akajibu, "Najua. Dawa yake sijaijua." Wakaendelea na picha nyingine.

Lakini mimi niliwaona wote, na hata sasa ninawaona. Picha yoyote ya mtaani ikiwekwa chini, kabla ya mwanga, kabla ya mistari yao, macho yao yanapita kwanza kwenye sura zote, moja moja, mpaka pembeni kabisa ambako watu ni vidoa. Wanamtafuta. Halafu wananitazama mimi, ninatikisa kichwa, ndipo wanaanza.

Juzi nilikwenda Feri kununua samaki. Mama ninayenunua kwake, mkaangaji, alinikatia vibua huku anapiga soga, akasema mjini watu wanapotea sana siku hizi. Kuna ndugu wawili, akasema, watu wa adabu, wamepita hapo asubuhi wanamuulizia mwenzao. Wana picha yake kwenye simu, amebeba gunia la vitunguu.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia simjui. Wamesema watapita tena."

Mafuta yalikuwa yanaruka kwenye karai, nikarudi nyuma. Asubuhi hii. Wamepita asubuhi hii, na wanauliza. Nikasimama pale na samaki wangu kwenye mfuko, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba bado wanauliza.